Mpe Mtoto Kondoo, Kisha Mwachie

Nyumba nyingi za wafugaji nchini Kenya zina mchezo ambao hakuna anayeusema kwa sauti. Mwanakondoo akizaliwa, mtoto huambiwa, "Huyu ni wako." Mtoto humpa jina, humkatia nyasi, humlinda na mbwa wa jirani, na jioni hukosa mpira kwa ajili yake. Miezi inapita, mnyama ananenepa. Siku karo inapodaiwa, au wageni wazito wanapobisha hodi, yule kondoo ghafla anageuka kuwa wa baba. Mtoto anarudi kutoka shuleni na kukuta ameshapelekwa sokoni. Hakuna aliyemuuliza. Kesho yake akitumwa kukata nyasi anakwenda akiburuta miguu, na watu wazima wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kufuga.

Wanapenda sana. Walichochoka nacho ni kufuga mali ya mtu mwingine bila mshahara wala shukrani.

Nasema nawe, kijana wa Molo, wa Ol Kalou, wa Kajiado, wa Narok, wa Nanyuki, hata wewe wa Ruai ambaye nyuma ya nyumba yenu panatosha kondoo 3 tu. Anzisheni klabu ya kondoo. Anzisheni muhula huu huu, mkiwa kumi, mkiwa watano. Na kabla hamjanunua hata kamba, andikeni sheria ya kwanza, mzazi aisome na kutia sahihi: kondoo wa mwanachama ni wake tangu siku anapokabidhiwa hadi siku anapouzwa, na pesa za mauzo ni zake. Sheria nyingine zinaweza kusubiri. Hii ikikosekana, mtakuwa mmeunda kikosi kingine cha wachungaji wa bure.

Wala msidhani tunabuni jambo geni. Mnamo Januari 1902, msimamizi wa shule aitwaye A. B. Graham aliwakusanya watoto wapatao 30 katika jengo la kaunti mjini Springfield, jimbo la Ohio huko Marekani, akaanza kuwafunza kupima udongo na kuchagua mbegu za mahindi. Vyuo vya kilimo wakati huo vilikuwa na maarifa mapya, lakini wakulima wazima wengi walikuwa wameziba masikio. Watoto hawakuwa wameziba. Walijaribu mbegu katika vipande vyao vidogo vya shamba, mahindi yakasimama, na baba zao wakaanza kuchungulia juu ya ua. Klabu za namna hiyo ndizo zilizokuja kuitwa 4-H. Kule Uingereza nako, mwaka 1921, watoto wa kijiji cha Hemyock katika eneo la Devon walipewa ndama wa kulea kwa msaada wa kiwanda cha maziwa kilichotaka maziwa bora. Hapo ndipo ilipoanza klabu ya kwanza ya wakulima vijana nchini humo. Kiwanda kilijua hesabu yake: ukitaka maziwa mazuri baada ya miaka 10, mkabidhi mtoto ndama leo.

Kenya iliipokea mbegu hiyo mapema. Mwaka 1962, kabla bendera ya Uingereza haijashushwa, klabu za 4K zilianzishwa: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Waliosoma enzi hizo bado wanazikumbuka. Baadaye zikafifia katika shule nyingi, na shamba la shule likageuka mahali pa kuwaadhibu wachelewaji. Hebu fikiria tulichokuwa tukimfundisha mtoto: ukikosea, shika jembe. Kisha tunashangaa kwamba mwerevu wa darasa akimaliza masomo hataki kusikia habari za shamba. Mwaka 2021 serikali ilizizindua upya klabu za 4K. Kwa hiyo ukimkuta mwalimu anayesema hana ruhusa ya kuanzisha klabu ya mifugo, mwambie kwa heshima zote: mwalimu, ruhusa ilitoka zamani, iliyobaki ni siku ya mkutano.

Sasa, kwa nini kondoo? Kwa sababu kijana wa miaka 12 hawezi kumdhibiti ng'ombe, wala hawezi kuhimili hasara yake akifa. Kondoo anaweza kumshika mwenyewe, akamgeuza, akamkalisha kitako na kumkata kwato bila kumwita mtu. Kondoo watano au sita hula kiasi cha ng'ombe mmoja. Mimba ya kondoo ni siku 150 hivi, miezi mitano tu. Ya ng'ombe ni tisa na zaidi. Hiyo ina maana kwamba ukikosea mwaka huu, unaweza kusahihisha mwaka huu huu. Dorper jike aliyelishwa vizuri anaweza kuzaa mara 3 katika miaka 2. Mtoto anayeingia klabu akiwa gredi ya 6 ataona watoto, wajukuu na vitukuu wa kondoo wake kabla hajamaliza shule, na katika kila kizazi atakuwa amechagua nani abaki na nani auzwe. Ng'ombe hawezi kumpa mafunzo hayo yote kwa muda huo.

Kuna sababu nyingine, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi. Mbuzi akiumwa, mtaa mzima unajua. Kondoo huficha. Atasimama na wenzake, atainamisha kichwa chini ya jua, atatembea wanapotembea, mpaka siku anapolala na kukataa kuamka. Ufugaji wa kondoo kwa hiyo ni shule ya kutazama. Anayechelewa kuja kula ni nani? Nani amesimama kando? Nani ana tope mkiani? Nani amevimba chini ya taya? Kijana aliyezoea kuona mambo hayo asubuhi kabla ya kwenda shule amejifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote.

Mfundisheni ukaguzi wa jicho, kwa mfano. Anamshika kondoo kichwa, anabonyeza kope ya juu taratibu kwa kidole gumba cha mkono mmoja, kisha kwa kidole gumba cha mkono wa pili anaishusha kope ya chini. Utando wa ndani unajitokeza. Ukiwa mwekundu uliokoza, damu ipo. Ukiwa wa waridi hafifu, mashaka yameanza. Ukiwa mweupe, mnyoo mnyonya damu anayeishi tumboni amekwisha fanya kazi yake, na kondoo huyo anayeonekana mzima malishoni huenda asimalize wiki. Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi 5 za kulinganishia, iitwayo FAMACHA, na inatumika nchi nyingi sasa. Uzuri wake ni huu: unawapa dawa wale tu wenye haja nayo. Hapa kwetu watu hulinywesha zizi zima dawa ileile mwaka hadi mwaka, minyoo wakaizoea, kisha tunamlaumu mwenye duka la dawa. Mtoto mwenye kadi mkononi anaweza kuliokoa zizi la babake, na babake akamwita amfundishe. Nakuambia, siku baba anaposema "Hebu njoo unitazamie huyu," mambo katika boma hilo hayarudi tena yalivyokuwa.

Hapa niingize jambo linalonikera. Ukienda kwenye maonyesho, kondoo anayepigwa picha ni Dorper: mwili mweupe, kichwa cheusi, mgongo mpana. Simuonei wivu, anastahili. Wafugaji wa Afrika Kusini walimtengeneza miaka ya 1930 kwa kumpandisha Dorset Horn kwa Blackhead Persian, na huyo Persian, licha ya jina lake, asili yake ni kondoo wa Wasomali wenye vichwa vyeusi. Kwa hiyo sehemu ya damu ya Dorper imetoka hapa jirani, ikazunguka, ikarudi ikiwa na bei ya juu. Haya. Lakini tangu miaka ya 1970 tumekuwa tukimpandisha Dorper kwa kila kondoo mwekundu wa Kimaasai aliyeko, hadi kumpata Red Maasai halisi imekuwa kazi. Na huyu mwekundu ana kitu ambacho pesa hainunui. Miaka ya 1990 watafiti waliwalea Red Maasai na Dorper pamoja katika shamba moja huko Diani, pwani ya kusini, penye joto, unyevu na minyoo tele. Red Maasai aliishi, akazaa, akalea. Dorper alitaabika, wanakondoo wake wakafa kwa wingi zaidi. Kule Kapiti, kwenye ukame wa Machakos, tofauti hiyo haikuwa kubwa hivyo.

Maana yake kwa klabu? Msinunue picha. Tazameni ardhi yenu kwanza. Klabu ya nyanda za juu penye baridi inaweza kufuga kondoo wa sufu kama Corriedale au Hampshire Down. Ya nyanda kavu ina nafasi nzuri kwa Dorper. Ya sehemu zenye unyevu na minyoo imfikirie sana yule mwekundu. Na nyinyi vijana wa Kajiado na Narok, nawaomba jambo moja: kileteni ulingoni kikundi cha Red Maasai halisi, wenye vizazi vilivyoandikwa, waliokaguliwa macho mwaka mzima. Mnashika hazina ambayo wakubwa wenu wamekuwa wakiiacha ipotee dume kwa dume.

Nimetaja ulingo. Twende huko, maana ndiko klabu nyingi zinakoogopa kufika.

Maonyesho ya kilimo si mageni kwetu. Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, kilianza mwaka 1901, na maonyesho yake hufanyika Jamhuri Park jijini Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kitale, Nyeri, Kisumu, Mombasa na kwingineko. Jirani zetu Watanzania wana Nane Nane kila Agosti. Watu wengi huenda huko kula, kupanda bembea na kutazama gwaride. Sawa, leteni watoto wapande bembea. Lakini baada ya hapo washuke waende kwenye mabanda ya mifugo, wasimame pale uzio ulipo, watazame jaji anavyofanya kazi.

Mtazame msichana wa miaka 13 aliye ulingoni na kondoo wake. Amevaa koti jeupe lililomzidi kidogo. Mkono wake wa kushoto uko chini ya taya la mnyama, kichwa kimeinuka, miguu minne imesimama sawasawa, kila mmoja katika pembe yake. Hamshiki manyoya, maana kumvuta manyoya kunamuumiza na kunaacha alama kwenye nyama. Jaji akizunguka upande wa kulia, naye anahama taratibu mbele ya kondoo ili asimzibe. Macho yake yanamfuata jaji, lakini kiganja chake kinamsikia kondoo. Mnyama akitaka kurudi nyuma, msichana anajua kabla hajarudi. Jambo hilo halijifunzwi asubuhi ya maonyesho. Limechukua wiki nyingi za kumtembeza kwa kamba jioni, hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama, huku kaka zake wakimcheka.

Jaji anaweka kiganja bapa mgongoni, nyuma ya mbavu za mwisho. Anatafuta ncha za uti wa mgongo na kingo za kiuno. Zikimchoma vidole, kondoo amekonda. Asipozipata kabisa, amejazwa mafuta. Alama ni 1 hadi 5, na anayetafutwa yuko karibu na 3: mifupa inasikika ukibonyeza, lakini imefunikwa vizuri. Kisha anafunua mdomo. Kondoo ana meno ya mbele 8 katika taya la chini, juu hana hata moja, ana ufizi mgumu tu. Meno mawili makubwa katikati yanasema amepita mwaka mmoja. Manne, yuko karibu na miwili. Anatazama kama meno yanakutana sawa na ufizi huo, maana asiyeng'ata vizuri halishi mwanawe. Anainua mguu, anatazama kwato. Kama ni dume, anapapasa korodani, na hakuna wa kucheka.

Kisha anamgeukia msichana. Alizaliwa lini? Mamake amezaa mara ngapi? Mara ya mwisho ulimpa dawa gani, na kwa nini? Anakula nini?

Anauliza na kunyamaza, anasubiri jibu.

Ni wapi pengine katika nchi hii ambapo mtu mzima mwenye ujuzi wake anamuuliza mtoto wa miaka 13 swali la kitaalamu mbele ya watu, akatulia kumsikiliza? Barazani hapana. Mezani nyumbani, mara chache. Yapo mashindano ambayo jaji hampimi kondoo kabisa, anampima mshikaji: namna anavyomwongoza, anavyomtuliza, anavyomjua. Katika hayo, kondoo wa kawaida mikononi mwa kijana makini humshinda kondoo wa bei kubwa aliyeletwa na kijana aliyekutana naye jana. Mwana wa mwenye hekta 200 na binti wa mama muuza mboga husimama katika mstari mmoja. Hapo swali la wewe ni mtoto wa nani halina alama.

Nasisitiza binti. Katika koo zetu nyingi, mifugo mikubwa ina wenyewe, na wenyewe si wasichana. Kondoo na mbuzi wamekuwa mali ambayo mama angeweza kuigusa bila kuitisha kikao. Klabu ianzie hapo. Msichana aliyewahi kuuza kondoo wake kwa jina lake, pesa zikaingia mkononi mwake, ni mgumu sana kushawishiwa baadaye kwamba hana haki ya kumiliki kitu.

Maandalizi? Yana mitego yake, na mitego hiyo huua. Wiki ya mwisho watu hushikwa na wazimu wa kunenepesha, wanamwagia kondoo mahindi debe zima. Tumbo la kondoo halibadilishiwi chakula kwa siku moja. Nafaka nyingi ghafla humuua usiku mmoja, akiwa mnono na mwenye manyoya yanayong'aa. Ongezeni kidogo kidogo, majuma kwa majuma, na nyasi zisikosekane. Chumvi ya madini ya ng'ombe wa maziwa msimpe. Ina shaba kiasi ambacho ng'ombe anakimudu, lakini kwa kondoo hujilimbikiza katika ini, na siku itakapoachiliwa hakuna daktari atakayefika kwa wakati. Someni mfuko, tafuteni iliyoandikwa ya kondoo. Kwato zikatwe wiki mbili hivi kabla, ili mkikata hadi damu apate nafasi ya kupona. Chanjo muulizeni afisa mifugo wa wadi, mapema, kwa sababu sotoka ya mbuzi na kondoo haisubiri ratiba ya klabu, na maonyesho ni mahali wanyama wa kila kona hukutana na kupumuliana. Mkirudi, watengeni kando na wenzao kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuwarudisha zizini.

Na kila kitu kiandikwe. Daftari la kawaida linatosha. Tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, uzito wa kila mwezi, dawa, chakula na bei yake. Mizani ikikosekana, tumieni utepe wa fundi cherehani kupima mzunguko wa kifua na kufuata ukuaji wake. Daftari hilo ndilo linalomtenganisha mfugaji na mtu mwenye kondoo. Dalali anayekuja boma kwa boma anaishi kwa sababu wewe hujui kondoo wako ana kilo ngapi wala amekugharimu kiasi gani. Anatazama uso wako, anatazama karo yako, anataja bei. Kijana mwenye daftari humfungulia ukurasa. Nimewaona madalali wakivaa kofia na kuaga.

Anayejua soko hujua pia mnunuzi anataka nini. Kuelekea Idd-ul-Adha, familia za Waislamu kutoka Lamu hadi Eastleigh hutafuta kondoo wa kuchinja, na sharia imeshaweka vigezo: asiwe mgonjwa dhahiri, asiwe kiguru, asiwe chongo, asiwe amekonda, na awe na umri wa kutosha. Wanunuzi hao ni majaji hodari bila koti jeupe. Watamfunua mdomo, watamtembeza, watamtazama jicho. Klabu inayoweza kuleta kondoo 20 wasio na ila, wenye umri ulioandikwa, haitahitaji kulia soko.

Hapo tunafika kwenye siku ngumu. Mtoto aliyempa kondoo jina atalia siku ya kumuuza. Wapo wazazi wanaosema ndiyo maana hawawapi watoto mifugo: watawaumiza. Mimi nasema mwacheni alie. Nyama haianzii kwenye bucha, na mtoto anayejua hivyo hula kwa heshima. Kilichomuumiza yule mtoto wa mwanzo si kwamba kondoo aliuzwa, ni kwamba aliuzwa kisirisiri, na mtu ambaye hakuwahi kumkatia hata nyasi. Klabu inamtayarisha tangu mwanzo: madume karibu wote watauzwa, jike bora atabaki, na anayeamua ni wewe. Mtoto atakayemshika kondoo wake kamba hadi kwa mnunuzi, akahesabu pesa, akalipa deni la dawa, akaweka akiba ya kununua jike wa pili, amefanya jambo ambalo watu wengi wa miaka 40 hawajawahi kulifanya kwa utaratibu.

Utasema hamna pesa za kuanzia. Nakubali, kondoo hawaokotwi. Lakini hamhitaji kondoo 20 siku ya kwanza. Anzeni na majike wanne wa klabu, wagawieni wanachama wanne waliojenga zizi kabla ya kupewa, na kila mmoja alipe kwa kumpitisha mwanakondoo jike wa kwanza kwa mwanachama anayefuata. Mpango huu wa kulipa mnyama kwa mnyama umetumiwa na shirika la Heifer International tangu miaka ya 1940, na Watanzania wengi wanaujua kama kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Uzuri wake mkubwa si pesa. Anayengojea mwanakondoo wako atakuja kumtazama mama yake kila wiki, atakukumbusha dawa, atakesha nawe usiku wa kuzaa. Umepata mlinzi asiyelipwa.

Na usiku wa kuzaa, mwanachama mpya awepo. Aone mwanakondoo anavyotoka, miguu miwili ya mbele kwanza na pua katikati yake. Afute kamasi puani, apake dawa kitovuni, kisha ahakikishe amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, katika saa chache za mwanzo. Kinga yote ya mtoto huyo imo humo, na utumbo wake unaweza kuipokea kwa takriban siku moja tu. Asiyenyonya usiku huo, sindano za mwezi ujao hazitamfidia.

Kama Jamhuri Park ni mbali, msiisubiri. Uwanja wa shule unatosha. Kamba ya kuzungushia, jaji mmoja kutoka kaunti au chuo cha mifugo kilicho karibu, koti jeupe la maabara, na kikombe cha plastiki kutoka dukani. Waalikeni wazazi, na viti vya mbele wawekeni wale akina baba waliosema mtoto hawezi.

Tarehe nazo zipangwe kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Maonyesho ya Nairobi huwa mwishoni mwa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mkitaka kupeleka wanakondoo wa miezi sita, lazima wazaliwe Machi, mvua za masika zinapoanza na nyasi zinapochipua kwa ajili ya maziwa ya mama zao. Ili wazaliwe Machi, majike wapandwe Oktoba. Ili wapandwe Oktoba wakiwa na afya, waanze kuongezewa chakula wiki mbili au tatu kabla, na macho yakaguliwe kabla ya hapo. Dume apatikane Agosti. Asiwe baba wa majike hao, wala kaka yao, na hapo ndipo klabu nyingi huteleza, kwa sababu dume la bure huwa ni la humo humo zizini. Badilishaneni na shule ya jirani: wao walete lao kwa siku 35, muda wa kutosha jike kurudi kwenye joto mara mbili, nanyi mpeleke lenu kwao. Andikeni tarehe aliyoingia na tarehe aliyotoka, mpige simu kwa mwalimu wa shule hiyo leo jioni, kabla hajaahidi dume lake kwa wengine.